Nani Anamudu Kujitolea? Tabaka na Kazi Isiyo na Mshahara katika Mashindano ya Michezo

Mashindano makubwa ya michezo ya zama hizi hubebwa kwa sehemu kubwa na watu wasiolipwa mshahara. Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 ilitumia watu wa kujitolea wapatao 70,000, waliochujwa kutoka maombi yapatayo 240,000; Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 lilichukua 20,000 kati ya waombaji waliozidi 400,000; na Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ikachukua 45,000 kati ya waombaji waliozidi 300,000. Waandaaji hutaja takwimu hizi kwa fahari, kama ushahidi kwamba moyo wa kusaidia haujatoweka, na fahari hiyo ina msingi, kwa sababu bila watu hao wageni wasingejua njia, wagonjwa wasingefikishwa kwenye huduma ya kwanza na wanariadha wasingepata maji. Hata hivyo, takwimu hizo haziligusi swali lililo zito zaidi: katika jamii ambamo watu hawalingani kwa kipato, elimu wala nafasi, ni nani anayemudu kutoa wiki mbili za kazi bila malipo, na kwa nini kazi ya bure ya mmoja huitwa ukarimu ilhali ya mwenzake huonwa kuwa kibarua, au haionwi kabisa?

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Tabaka la kijamii, kwa maana iliyoenea tangu Karl Marx, hupimwa kwa uhusiano wa mtu na njia za uzalishaji, yaani kama anamiliki kiwanda, ardhi au fedha za kuzalishia, au kama anaishi kwa kuuza nguvu zake. Max Weber aliongeza kwamba heshima na mamlaka navyo huwapanga watu kwa namna ambayo si lazima ilingane na fedha walizonazo. Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, katika kitabu kuhusu ladha na tofauti za kijamii alichokitoa mwaka 1979, alipanua wazo la mtaji likaingiza hata mambo yasiyoshikika: mtaji wa kitamaduni, ambao ni elimu, lugha na namna mtu anavyojieleza na kujiweka mbele ya wengine, na mtaji wa kijamii, ambao ni faida anayoipata mtu kwa kufahamiana na watu wenye nafasi. Kujitolea, kwa upande wake, hufafanuliwa kwa masharti matatu: kazi ifanywe kwa hiari, isilipwe ujira, na iwafae watu walio nje ya familia ya anayeifanya. Kila sharti kati ya hayo hulegea linapokutana na tabaka. Hiari ya mwenye ajira ya kudumu haifanani na hiari ya kijana aliyeelezwa kwamba bila cheti cha kujitolea hataitwa kwenye usaili; kukosa ujira kwa wiki mbili ni jambo dogo kwa aliye kwenye likizo yenye malipo na ni njaa kwa anayelipwa kutwa; na kwa kuwa familia ya watu wa kipato cha chini mara nyingi huenea hadi kwa jirani na mtoto wa jirani, misaada yao mingi haiingii katika hesabu ya kujitolea.

Nchini Uingereza, ambako shirika la Sport England huwahoji wananchi mara kwa mara kuhusu ushiriki wao katika michezo, matokeo yamekuwa yakielekea upande mmoja: wenye kazi za umeneja na za kitaalamu hujitolea michezoni kwa kiwango kikubwa kuliko wafanyakazi wa mikono na watu waliokaa muda mrefu bila ajira. Maelezo mepesi ya tofauti hii ni kwamba maskini wana moyo mdogo wa kutoa, au kwamba wana muda mchache. La kwanza halina ukweli, na la pili ni nusu ya ukweli, kwa kuwa asiye na ajira ana saa nyingi kuliko daktari na bado ndiye anayejitolea kwa uchache zaidi. Kujitolea katika mashindano yaliyoratibiwa kuna kiingilio, na kiingilio hicho hulipwa kwa nauli, kwa lugha, kwa kujuana na kwa uhakika wa kula kesho. Anayekosa kukilipa hubaki nje hata kama moyo wake ni mkubwa kuliko wa aliyeingia.

Uhusiano wa michezo na kazi isiyolipwa haukuanzia kwa watu wa kujitolea, bali kwa wanamichezo wenyewe. Katika Uingereza ya karne ya 19 neno ridhaa lilimhusu mchezaji asiyecheza kwa ajili ya pesa, lakini kanuni zilizotungwa na mabwana wa vilabu zilikwenda mbali zaidi. Kanuni za riadha za klabu iliyoanzishwa London mwaka 1866 ziliwatenga mafundi na vibarua, eti kwa sababu mwili unaofanya kazi ngumu una nguvu za ziada zisizo za haki, na kizuizi hicho kiliondolewa katika riadha mwaka 1880 kilipoundwa chama kipya cha mchezo huo. Katika kupiga makasia kiliendelea hadi mwaka 1937, na mwaka 1920 Mmarekani John B. Kelly, aliyewahi kuwa fundi wa kujenga kwa matofali, alikataliwa kushiriki mashindano ya Henley; ugomvi wa zamani kati ya waandaaji na klabu yake ulihusika pia, lakini kanuni dhidi ya wafanyakazi wa mikono ilikuwepo kwenye vitabu na ilitosha kumzuia. Mwaka huohuo Kelly alitwaa medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Antwerp.

Mgogoro ulio karibu zaidi na suala hili ni ule wa raga. Wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo wa kaskazini mwa Uingereza walifanya kazi hadi Jumamosi, hivyo kila mechi ya ugenini iliwapotezea ujira. Vilabu vyao viliomba ruhusa ya kuwapa fidia ya siku ya kazi iliyopotea, kiasi cha shilingi sita, nao viongozi wa chama cha raga, ambao wengi walitoka katika shule za kulipia na vyuo vikuu vya zamani, wakaikataa kwa madai kwamba fidia hiyo ingeua roho ya mchezo. Mwaka 1895, katika hoteli moja mjini Huddersfield, vilabu zaidi ya 20 vilijitenga na kuunda umoja wao, na raga ikabaki michezo miwili hadi leo. Madai ya wafanyakazi wale hayakuwa ya mshahara. Walichotaka ni kutokuwa maskini zaidi kwa sababu ya kucheza, na kukataliwa kwao kulionyesha kwamba kanuni inayowataka watu wote wasilipwe humuumiza mmoja na haimgusi mwingine.

Karibu karne moja baadaye ridhaa ilififia. Neno lenyewe liliondolewa katika masharti ya Olimpiki miaka ya 1970, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wachezaji wa kulipwa walikuwa wanakaribishwa katika michezo mingi. Ni katika miaka hiyohiyo ndipo watu wa kujitolea walipoanza kuandaliwa kwa programu maalumu, kuanzia Olimpiki ya majira ya baridi ya Lake Placid mwaka 1980, na Los Angeles mwaka 1984, michezo iliyofanyika kwa msaada wa makumi ya maelfu ya watu wasiolipwa ikamalizika na ziada ya zaidi ya dola milioni 200. Heshima ya kutolipwa ilikuwa imemwacha mkimbiaji ikahamia kwa anayempa maji. Mkimbiaji sasa ana wakala na mkataba, televisheni hulipa mabilioni, wadhamini huweka majina yao kila mahali, na anayebaki kuambiwa kwamba malipo yangechafua roho ya michezo ni yule anayesimama mlangoni. Jambo hili linastahili kutafakariwa na kila anayeandaa mashindano, kwa sababu roho ya michezo haina budi kuwahusu wote au isiwe hoja ya kumnyima mmoja.

Gharama za kujitolea huonekana vizuri zaidi mtu akiufuata mzunguko mmoja kwa karibu. Aliyetaka kuhudumu London mwaka 2012 alipaswa kujaza fomu kwenye intaneti, kusafiri kwenda kwenye usaili, kuhudhuria mafunzo ya siku kadhaa na kuahidi angalau siku kumi za kazi wakati wa mashindano. Alipewa sare, mlo wakati wa zamu na tiketi ya usafiri ndani ya London kwa siku za kazi. Hakupewa malazi wala nauli ya kufika London. Mwalimu mstaafu wa mjini hapo mwenye nyumba aliyokwisha kuilipia hakutumia karibu chochote; mhudumu wa duka wa Newcastle, anayelipwa kwa saa na asiye na ndugu wa kumhifadhi London, alihitaji kwanza kukubali kupoteza ujira wa wiki mbili, kisha kutafuta pesa za treni na za chumba katika jiji ambalo vyumba vilikuwa vimepanda bei kwa sababu ya mashindano hayohayo. Waandaaji hawakumkataza mhudumu huyo kwa kanuni kama zile za klabu ya riadha ya mwaka 1866, na hawakuhitaji kumkataza.

Baada ya gharama ya pesa huja mchujo wa mtaji wa kitamaduni. Usaili wa kujitolea kwa kawaida huuliza uzoefu wa kufanya kazi katika timu, lugha za kigeni na namna mwombaji alivyowahi kutatua tatizo la mteja, maswali ambayo mtu aliyepita chuo kikuu huyajibu kwa msamiati unaotarajiwa, ilhali mama aliyeendesha kibanda cha chakula sokoni kwa miaka, akitatua matatizo ya wateja kila siku, huenda asijue kwamba hayo ndiyo yanayoulizwa. Hata waliochaguliwa hupangwa kwa madaraja. Wanaozungumza Kifaransa au Kihispania hupelekwa kuwapokea wageni wa heshima, kuongozana na timu au kuhudumu katika chumba cha waandishi wa habari, na huko hukutana na watu wa mashirika na wadhamini ambao kesho watakuwa waajiri. Wengine hupelekwa kwenye maegesho ya magari, foleni za ukaguzi na geti la nyuma, wanakokutana na jua na mvua. Wote huvaa fulana moja na kupokea cheti cha aina moja, lakini mmoja huondoka na namba za simu zenye manufaa na mwingine huondoka na fulana. Hapo ndipo mtaji wa kijamii unapozaa mtaji mwingine, na kazi iliyotolewa bure na wote wawili huwanufaisha kwa viwango tofauti.

Doha, wakati wa Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, ilitoa mfano ulio wazi wa matabaka yanayokutana mahali pamoja. Nje ya kituo cha treni karibu na soko la Souq Waqif, kijana wa Kenya aliyekaa kwenye kiti kirefu kama cha mlinzi wa ufukweni, akiwa na kipaza sauti na kidole kikubwa cha sponji, aliwaelekeza mashabiki njia ya kwenda kituoni kwa wimbo wa maneno machache uliopokewa na umati, ukaenea duniani kwa video, hata akaalikwa uwanjani kuwasalimu watazamaji kabla ya mechi ya Uingereza na Marekani. Wengi walidhani ni mtu wa kujitolea, kumbe alikuwa ameajiriwa kwa mkataba, mmoja wa maelfu ya vijana wa Kenya na Uganda wanaofanya kazi za ulinzi na uelekezaji katika miji ya Ghuba. Hatua chache kutoka alipokuwa walisimama watu wa kujitolea waliofanya kazi inayofanana na yake, baadhi wakiwa wametoka nchi za mbali, na desturi ya mashindano ya aina hii ni kwamba atokaye nje hujilipia nauli ya ndege. Mmoja alikuwa amelipa ili asimame pale, mwingine alisimama pale ili atume pesa nyumbani, na mgeni anayeulizia treni asingeweza kuwatofautisha kwa kazi yao. Ikiwa kazi moja inaweza kuwa ajira ya huyu na burudani ya yule, basi maelezo kwamba kazi fulani kwa asili yake ni ya kujitolea hayana nguvu. Kinachoamua ni bajeti ya mwandaaji na uwezo wa anayeifanya.

Mstari kati ya ajira na kujitolea huvukwa kwa ubaya pale mtu asiye na chaguo anapovalishwa jina la kujitolea. Mwezi Juni 2012, majuma machache kabla ya Olimpiki, gazeti la The Guardian liliripoti kuhusu watu wasio na ajira waliokuwa kwenye mpango wa serikali wa kuwarudisha kazini, walioletwa London kwa mabasi usiku ili wasimamie umati katika sherehe za mtoni za jubilei ya Malkia Elizabeth II, wakaambiwa wajisitiri chini ya daraja la London Bridge hadi zamu ya alfajiri, bila malipo, kwa matumaini ya kupata kazi ya kulipwa wakati wa Olimpiki. Kampuni husika iliomba radhi. Afrika Kusini miaka miwili kabla ya hapo, wakati wa Kombe la Dunia, wasimamizi wa milango wa uwanja wa Durban, walioajiriwa na wala hawakujitolea, waliandamana baada ya mechi ya Ujerumani na Australia ya Juni 13, 2010, wakidai wamelipwa pungufu sana kuliko walivyoahidiwa. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, kisha wakachukua kazi ya ulinzi katika viwanja kadhaa. Pale ambapo sehemu kubwa ya wafanyakazi hailipwi chochote, ujira wa wachache wanaolipwa hushuka, na anayelalamika hukumbushwa kwamba kuna maelfu walio tayari kuifanya kazi hiyo bure.

Hoja ya upande wa pili haipaswi kupuuzwa. Richard Titmuss, msomi wa sera za jamii aliyeongoza pia uchunguzi wa huduma za afya za Tanganyika uliochapishwa mwaka 1964, alitoa kitabu mwaka 1970 kilicholinganisha utoaji wa damu wa hiari nchini Uingereza na ununuzi wa damu nchini Marekani, akadai kwamba malipo hupunguza ubora wa kinachotolewa na kudhoofisha hamu ya watu ya kupeana. Kuna ukweli ndani yake. Mtu anayeamka alfajiri kupima muda wa wakimbiaji watoto hafanyi hivyo kwa kukosa kazi nyingine, na kumpa noti mkononi kunaweza kumkosea heshima. Lakini hoja ya Titmuss inahusu malipo, haihusu gharama. Kumrudishia mtu nauli yake, kumlisha anapokuwa zamu na kumfidia siku ya kibarua aliyoiacha hakumnunui. Kunamweka sawa na mwenzake ambaye hakuhitaji kurudishiwa chochote. Viongozi wa raga wa mwaka 1895 walishindwa kuona tofauti hiyo, na kamati nyingi za leo bado haziioni.

Juhudi za kufungua mlango zimewahi kufanywa. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Manchester mwaka 2002, iliyokuwa na watu wa kujitolea zaidi ya 10,000, ilitanguliwa na mafunzo maalumu kwa wakazi wa maeneo duni ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, waliopewa stadi za msingi na nafasi ya kufanyiwa usaili, na baada ya michezo jiji likaendelea na daftari la watu wa kujitolea kwa matukio mengine. London iliiga kwa programu yake iliyoahidi usaili kwa waliohitimu, ikalenga kwamba sehemu moja kati ya kumi ya watu wake wa kujitolea itoke huko, lakini waliofika uwanjani kwa njia hiyo walikuwa wachache mno kuliko waliotarajiwa. Tofauti kati ya miji hiyo miwili inafundisha: Manchester ilijenga juu ya vyuo na vituo vya mitaani vilivyokuwa vikijuana na wakazi, ilhali London mwombaji wa kata maskini aliingia katika mashine ileile kubwa ya kuchuja maombi 240,000. Hata mbio za parkrun za kila Jumamosi, zilizoanza mwaka 2004 kwa wakimbiaji 13 katika bustani ya Bushy jijini London na ambazo hazina kiingilio cha pesa, zimekuwa na ushiriki mdogo zaidi katika maeneo duni, hadi Sport England ikatoa pauni milioni 3 mwaka 2018 kusaidia mbio mpya 200 zitakazowafikia watu wasiofikiwa. Kuondoa kiingilio pekee hakutoshi mahali ambapo watu hawajawahi kuambiwa kwamba bustani ile ni yao pia.

Afrika Mashariki inaingia katika mjadala huu ikiwa na urithi mkubwa wa kazi za bure, na urithi huo nao una matabaka yake. Katika harambee za Kenya tangu uhuru, wananchi wa kawaida walichimba misingi, walibeba mawe na mchanga na kutoa siku zao, ilhali mwenye mali alitoa hundi iliyotangazwa kwenye kipaza sauti, na jina lililobaki kwenye kibao cha ufunguzi aghalabu likawa la mwenye hundi. Msaragambo wa Tanzania, ambao ni kazi ya pamoja ya kijiji kwa ajili ya barabara, zahanati au shule, uliwadai zaidi walioishi kijijini kuliko waliohamia mjini. Umuganda wa Rwanda, unaofanywa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, umewekwa na sheria, hivyo hautimizi sharti la hiari kwa ukamilifu, lakini angalau unamtoa nje waziri pamoja na mkulima, na huo ni usawa ambao mashindano ya kimataifa hayajawahi kuufikia.

Katika michezo yenyewe, kujitolea kwingi kwa ukanda huu hufanyika mahali ambapo hakuna fomu. Asubuhi ya mechi ya ndondo, yaani soka la mtaani, au ya kombe la mbuzi katika mitaa ya Dar es Salaam, kuna anayepita na ndoo ya majivu au chokaa akinyoosha mistari ya uwanja, anayechomeka upya mlingoti wa mrunda ulioanguka kwa mvua, aliyefua jezi usiku na kuzianika kwenye kamba ya uani, na mama anayeleta dumu la maji bila kuombwa. Hakuna kati yao atakayeandika kazi hiyo kwenye wasifu wake. Mathare, Nairobi, kuna mfano wa jinsi kazi ya namna hii inavyoweza kutambuliwa. Chama cha michezo cha vijana cha Mathare, kinachojulikana kwa kifupi MYSA, kilianzishwa mwaka 1987 na Mkanada Bob Munro, kikaweka utaratibu ambao timu inayosafisha mitaa huongezewa pointi katika jedwali la ligi, na vijana wanaofundisha, kuchezesha na kuongoza hujikusanyia alama zinazowasaidia kupata karo ya shule. Utaratibu huo haumlipi kijana mshahara, lakini unakubali wazi kwamba muda wake una thamani na kwamba deni hilo hulipwa kwa kitu anachokihitaji kweli. Kutoka humo ikazaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Mtaa wa mabanda uliwafundisha wenye viwanja vya kifahari jambo ambalo wengi wao hawajajifunza.

Upande wa pili wa hali hiyo ni mlundikano wa vijana wasomi wasio na ajira. Nchini Tanzania, mhitimu wa ualimu anayefundisha shuleni kwa posho ndogo ya wazazi, au muuguzi anayehudumu wodini miezi mingi akingoja kibali cha ajira, huelezwa kuwa anajitolea, na wote wanaohusika wanajua kwamba anachokitafuta ni kazi. Mashindano ya kimataifa yanapofika, kundi hili ndilo linaloomba kwa wingi, kwa kuwa lina elimu, lina lugha na linaamini kwamba cheti chenye nembo ya Shirikisho la Soka la Afrika (CAF) au ya FIFA kitalifungulia mlango. Hapa muundo wa kitabaka unatofautiana na wa Uingereza: anayejitolea si lazima awe mstaafu mwenye nafasi, bali mara nyingi ni mtoto wa familia iliyouza mbuzi ili asome, anayelala kwa mjomba mjini na kukopa nauli ya daladala. Anamudu kiingilio cha lugha bila kumudu cha pesa, na anakilipa hata hivyo kwa sababu ya matumaini. Mwandaaji anayefahamu hivyo na bado hamrudishii nauli anachukua kutoka kwa mwenye kidogo, na hilo linapaswa kusemwa bila kuzungusha maneno.

Michuano ya CHAN ya Agosti 2025, ambayo ni ya timu za taifa za Afrika zenye wachezaji wa ligi za ndani, iliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, ilikuwa jaribio la Kombe la Mataifa ya Afrika lililopangwa kwa nchi hizohizo mwaka 2027. Katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, watu walivunja ulinzi wa milangoni, na CAF ikapunguza idadi ya watazamaji walioruhusiwa kuingia. Tukio hilo linaonyesha kwamba usimamizi wa umati ni kazi ya ustadi inayohusu uhai wa watu, na kazi ya aina hiyo ifanywe na waliofunzwa na kulipwa, si na kijana mwenye fulana aliyepewa maelekezo ya nusu saa. Kwa kipimo hichohicho kazi nyingine zinaweza kupangwa: zamu zenye msimamizi, saa maalumu na adhabu ya kutofika ni ajira kwa kila kigezo cha kawaida, hata zikipewa jina jingine, ilhali kumkaribisha mgeni, kutafsiri, kuongoza watoto wanaoingia na wachezaji na kuwaonyesha watu mji ni mambo ambayo mtu anaweza kuyatoa kwa furaha, mradi yasimgharimu mlo wa watoto wake.

Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Temeke, Dar es Salaam, na mechi ya ufunguzi ya CHAN kati ya Tanzania na Burkina Faso ilichezwa hapo usiku. Anayejitolea katika mechi kama hiyo huachiwa saa tano au saa sita, wakati daladala zimepungua, na hapo bodaboda ya kurudi Gongo la Mboto au Kimara inaweza kumeza pesa ya chakula ya siku mbili, ilhali mwenzake mwenye gari nyumbani hufuatwa getini. Hoima, mji wa magharibi mwa Uganda ulioingizwa katika orodha ya viwanja vya 2027, uko mbali na Kampala, na ikiwa usaili utafanyika Kampala kwa Kiingereza na kupitia intaneti pekee, wageni watakaofika Hoima wataongozwa na watu waliosafirishwa kutoka mji mkuu, huku wakazi wanaojua kila kichochoro wakiuza maji nje ya ua. Kamati za maandalizi za nchi tatu zina muda wa kuandikisha watu kupitia serikali za mitaa, vilabu vya mtaani na vyama kama MYSA, kufanya usaili kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji pale inapofaa, kuweka basi la kuwarudisha watu makwao baada ya mechi za usiku, na kuingiza nauli, mlo na bima ya kila mtu wa kujitolea katika bajeti kabla fedha za wadhamini hazijagawanywa kwingine.